Kuuliza si Ujinga: Swali la Magamba na Maabara Zetu



Watu wa hesabu hatupewi mara nyingi ukurasa wa historia. Kazi yetu katika chama hiki ni kukagua stakabadhi, kufuatilia ahadi ambazo hazijalipwa, na kuwaudhi viongozi kwa kuwauliza risiti iko wapi. Safari hii kamati imetutaka sisi wa fedha tuandike, kwa sababu mchango unaoombwa mwaka huu ni wa kufundishia sayansi kwa vitendo katika sekondari za kwetu, na yapo mambo mawili ambayo hatuwezi kuyaeleza kwa majedwali peke yake. La kwanza ni habari ya heshima. Mfano mmojawapo unaojulikana sana duniani wa chuo kikuu kushirikiana na mwanafunzi wa sekondari ulianzia hapa kwetu, Magamba. La pili ni habari ya aibu kidogo, nayo ni yetu wenyewe. Tutaanza na ile ya heshima.

Maziwa ya moto

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru au ndiyo kwanza inaitimiza, kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Aliyepanda kutoka Mombo, akapita Soni hadi Lushoto mjini, kisha akaendelea juu kuelekea msituni, anaijua baridi ya Magamba. Hata hivyo vijana wale walipenda aiskrimu. Walikuwa wakichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaingiza kwenye friji ya shule. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ndogo na wenye hamu walikuwa wengi, kwa hiyo palikuwa na kukimbizana.

Siku moja Mpemba alikuwa amechemsha maziwa aliyonunua kwa akina mama wa jirani. Akamwona mwenzake akichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha, ili awahi trei. Akaona kwamba akisubiri yake yapoe nafasi itakwisha. Akaamua kubahatisha, hata kama friji itaharibika: akayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kuangalia. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia sababu yake. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akalikubali jibu, kama wengi wetu tulivyokubali majibu ya namna hiyo. Lakini baadaye alikutana na rafiki yake mjini Tanga aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba huwa anaingiza mchanganyiko ungali wa moto kwa sababu huganda upesi zaidi. Muuza aiskrimu huyo hakuwa na haja ya kubishana na mtu kuhusu fizikia. Alikuwa na wateja wanaosubiri.

Mpemba alifaulu akaenda kusoma Mkwawa, Iringa. Huko darasa lilipofika kwenye somo la jinsi vitu vinavyopoa, akauliza tena. Mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Neno hilo likashika. Tangu hapo kila alipokosea hesabu wenzake walisema hiyo ndiyo hesabu ya Mpemba. Tunadhani kila msomaji aliyepita bweni anajua utani wa namna hiyo unavyouma, na jinsi unavyoweza kumfanya mtoto asinyanyue mkono tena mpaka amalize shule.

Yeye hakunyamaza. Siku moja alikuta mlango wa maabara ya biolojia uko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka upesi kwenye sehemu ya kugandishia ya friji. Baada ya saa moja alirudi. Maji hayakuwa yameganda yote, lakini ile iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Sasa hakuwa na hadithi ya aiskrimu tu. Alikuwa amefanya jaribio. Tunaomba mwukumbuke mlango ule uliokuwa wazi, maana tutaurudia.

Mgeni kutoka Mlimani

Wakati huo chuo kikuu cha nchi kilikuwa bado kichanga. Kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima tunachokiita Mlimani. Kitivo cha Sayansi kilianza mwaka 1965. Walimu wake walikuwa wachache. Lakini walikuwa na desturi moja njema: walitoka. Mkuu wa shule ya Mkwawa alimwalika Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo hicho, aje azungumze na wanafunzi.

Baada ya mazungumzo yakaja maswali. Mpemba akasimama. Aliuliza hivi: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviingiza kwenye friji, kile kilichoanza na nyuzi 100 huganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake waliona haya. Walimwambia baadaye kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne mwenyewe aliandika kwamba alidhani kijana amekosea. Lakini alifanya mambo matatu ambayo sisi tunayahesabu kuwa ndiyo mtaji wa habari hii yote. Alimuuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo kwa mkono wake. Alipoambiwa ndiyo, alikiri mbele ya wote kwamba hajui sababu. Na akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Ahadi za wageni tunazijua. Hii ilitimizwa. Kule chuoni alimwagiza fundi wa maabara apime. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, ila akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Tumecheka sana tulipoisoma habari hiyo, kwa sababu ndivyo baadhi yetu tunavyofunga hesabu za mwisho wa mwaka. Lakini kila waliporudia jibu lilikuwa lile lile.

Mwaka 1969 habari hiyo ilichapishwa Uingereza katika jarida la Physics Education. Makala ilikuwa na waandishi wawili: E. B. Mpemba na D. G. Osborne. Jina la mwanafunzi lilitangulia. Wakati huo Mpemba alikuwa amejiunga na chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na maisha yake ya kazi aliyatumia katika uhifadhi wa wanyama, si katika fizikia. Hata hivyo mpaka leo vitabu vya nje huliita jambo hilo kwa jina lake.

Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya jambo hilo. Zikaja hoja zaidi ya 20,000 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya kwa makini wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya kawaida hufanya hivyo. Tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kilipowekwa inaweza kubadili matokeo. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada wakaonyesha jambo la aina hiyo hiyo kwa chembe ndogo sana zilizo ndani ya maji. Kwa hiyo hesabu haijafungwa. Tunalisema hili wazi ili asitokee mtu wa kutuambia kwamba tunajisifia kitu chenye shaka. Hatujivunii jibu. Tunajivunia kwamba swali lililoulizwa na mtoto aliyesoma Magamba limewashughulisha maprofesa kwa zaidi ya miaka 50.

Kilichofanya kazi kilikuwa nini

Tukilichambua jambo lile kama tunavyochambua taarifa ya fedha, tunaona kwamba gharama zake zilikuwa ndogo mno. Friji ilikuwa ya kawaida. Bika zilikuwa za kawaida. Maji yalikuwa ya bomba. Hapakuwa na jengo jipya wala mkandarasi. Kulikuwa na nauli ya mwalimu mmoja wa chuo kutoka Dar es Salaam hadi Iringa. Kulikuwa na mkuu wa shule aliyealika. Kulikuwa na fundi wa maabara aliyetumwa kupima. Na kulikuwa na mlango uliokuwa wazi.

Vilevile tunaona kilichokosekana. Walimu wawili walimjibu Mpemba kutoka kitabuni. Hatuwalaumu. Mwalimu aliyefundishwa kwa ubao hufundisha kwa ubao, na mwalimu aliye peke yake na darasa kubwa hana muda wa kufuata swali moja mpaka kwenye friji. Ndiyo maana chuo kikuu kinahitajika. Mwalimu wa chuo anao uhuru wa kusema sijui bila kuogopa kushushwa heshima, na nyuma yake yuko fundi, ziko mizani, na wako wenzake wa kuwauliza. Akija shuleni huleta vitabu, na zaidi ya vitabu huleta ule ujasiri wa kusema hebu tujaribu tuone.

Njia iliyofuata

Sayansi yenyewe si ngeni katika milima yetu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea pale Amani, Usambara ya mashariki. Kabla ya hapo, mwaka 1893, wataalamu wa kwao walikuwa wameshaliandika katika vitabu vyao ua dogo la zambarau la milima yetu, lile ambalo leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani likiitwa ua la Usambara, nasi wenyewe tunalipita njiani bila kuligeukia. Lakini sayansi ya Amani haikuwekwa ili watoto wa hapa waulize maswali. Ilichukua majani na mbegu, ikachukua mikono ya kufyeka na kubeba, majibu yakaenda kusomwa kwingine.

Baada ya uhuru nia ilibadilika. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alikosoa shule zinazomfundisha mtoto kuheshimu kitabu kuliko maarifa ya watu wanaomzunguka. Mwaka 1970 chuo cha Mlimani kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika miaka ya 1990 chuo hicho kilishirikiana na Vrije Universiteit cha Amsterdam katika mradi ulioitwa kwa kifupi TEAMS, uliolenga kuinua ufundishaji wa sayansi na hisabati katika sekondari. Kazi ya namna hiyo ndiyo tunayoizungumzia: mwalimu akae na wenzake, afanye jaribio kwa mikono yake, aone linavyokwama, ajue jinsi ya kulikwamua kabla hajalipeleka mbele ya darasa.

Kisha shule zikaongezeka kwa kasi. Mpango wa MMES ulianza mwaka 2004, na sekondari za kata zikafika mahali ambapo zamani mtoto alihitaji kwenda bweni mkoa mwingine. Walimu wa sayansi hawakutosha. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua vyuo vikuu vishiriki viwili vya elimu, kimoja Chang'ombe na kingine Mkwawa, Iringa. Ndiyo, ni Mkwawa ile ile. Mahali ambapo kijana wa Magamba alichekwa kwa swali lake, leo wanafunzwa walimu wa sayansi wa nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara 3: ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Tangu Januari 2016 ada ikaondolewa mpaka Kidato cha Nne. Milango ya shule ilifunguka. Milango ya maabara ndiyo tunayotaka kuizungumzia sasa.

Bluu tusiyoiona

Sisi tunaoandika haya tulizaliwa karibu na mwaka 1980. Tulisoma sekondari huku milimani katika miaka ya 1990, na wengi wetu tulifanya mtihani wa vitendo bila vitendo. Ulikuwepo mtihani mbadala kwa shule zisizo na maabara: unapewa karatasi yenye maelezo ya jaribio ambalo mtu mwingine amelifanya, nawe unaandika kilichotokea. Kwa hiyo tulikariri rangi. Tulijua kwamba iodini ikidondoshwa kwenye wanga hugeuka bluu inayoelekea kuwa nyeusi. Tuliandika hivyo, tukapata alama.

Fikirini jambo hilo. Tulikuwa Lushoto. Viazi vilikuwa shambani nyuma ya darasa, viko kwenye magunia barabarani vikisubiri lori la kwenda Dar es Salaam, viko kwenye sahani zetu asubuhi na jioni. Iodini inauzwa duka la dawa. Katika miaka minne hakuna aliyekata kiazi kimoja akadondosha tone moja tukaona. Wa kwanza wetu kuiona bluu hiyo aliiona akiwa mtu mzima, mwanawe alipofanya zoezi la nyumbani jikoni, hapa mjini. Alituambia kwamba alinyamaza kidogo, akaenda kusimama nje.

Baadhi yetu tulitaka udaktari au uhandisi. Tulipofika Kidato cha Tano na kushika bureti kwa mara ya kwanza, karibu na wenzetu waliozishika tangu Kidato cha Kwanza, mikono ilitetemeka. Tukahamia michepuo ya biashara. Hatusemi uhasibu ni kazi ya walioshindwa; umetulisha na umetusomeshea watoto. Tunasema tu kwamba baadhi yetu hatukuuchagua. Tuliangukia huko. Na ukihesabu wangapi wa kwetu waliangukia mahali wasipopachagua, utajua kwa nini zahanati zetu na skimu zetu za maji zinasubiri wataalamu kutoka mbali.

Kuna jambo la lugha pia. Sekondari sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya kijijini hupewa neno asilolijua, la kitu asichowahi kukiona. Akikishika kitu kwanza, neno hupata mahali pa kukaa. Asipokishika, anakariri sauti tu.

Kosa letu

Sasa ile habari ya aibu. Miaka michache iliyopita tulichangishana tukajenga chumba cha maabara katika shule moja ya kwetu. Shule hatuitaji, maana kosa halikuwa lake. Wengi wenu mlitoa, na picha za siku ya kukabidhi zipo. Sisi wa fedha tulilipa mafundi, tukapokea hati zote, tukakiandika chumba kile kwenye daftari la mali za kudumu, na kila mwaka tukatoa uchakavu wake kama sheria za uhasibu zinavyotaka. Wakaguzi hawakuwa na hoja.

Mwaka jana baadhi yetu tulikwenda msibani tukapitia pale. Chumba kilikuwa na kufuli. Mwalimu mkuu alituma mtu akalete ufunguo, na ufunguo ulichukua muda kupatikana. Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi, madawati mabovu, na sanduku la vyombo vya kioo ambalo halijafunguliwa. Bomba halikuwa na maji. Mwalimu wa kemia, kijana mwenye adabu, alituambia polepole: "Wazee wangu, mlitupa chumba. Kemikali zilikwisha muhula wa kwanza, na hakuna fungu la kununua nyingine. Halafu mimi mwenyewe haya majaribio niliyafanya mara moja tu nikiwa chuoni, tukiwa kundi kubwa. Naogopa kuvunja vyombo nitakavyodaiwa."

Tulitafuta neno la kumjibu tukakosa. Katika vitabu vyetu chumba kile kilikuwa na thamani ya mamilioni. Kwa mtoto wa Kidato cha Pili kilikuwa ghala. Tulikuwa tumeweka fedha zote kwenye matumizi ya maendeleo, na kwenye matumizi ya kawaida hatukuweka hata shilingi. Mhasibu wa mwaka wa kwanza angeliona kosa hilo. Sisi hatukuliona kwa sababu jengo lina ukuta wa kubandika kibao chenye majina, na chupa ya asidi haina.

Tunachoomba mwaka huu

Kwa hiyo kamati imekubaliana, baada ya ubishi usio mdogo, kwamba mwaka huu hatujengi. Tunajua wapo ndugu waliotaka tupandishe chumba kingine, na hoja yao kwamba jengo hudumu tunaiheshimu. Lakini vyumba vilivyopo havijatumika. Fedha za mwaka huu zitakwenda kwenye mafungu matatu, nayo ndiyo yale yale yaliyofanya kazi zamani.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyokwisha: kemikali, spiriti ya majiko, karatasi za kupimia asidi, betri, na vyombo vya kioo vya kufidia vinavyovunjika. Tumeweka wazi kwamba chombo kilichovunjika darasani ni gharama ya kufundisha, si deni la mwalimu. Yule kijana wa kemia asiogope tena.

Fungu la pili ni mtu. Maabara bila mtu wa kuitunza ni chumba tu. Tutalipa posho ya mhudumu wa maabara atakayehudumia shule kadhaa zilizo karibu, mwenye mafunzo ya kazi hiyo, na kama yupo kijana wa kwetu mwenye sifa atafikiriwa kwanza. Bila fundi wake, Osborne angebaki na ahadi tu.

Fungu la tatu ni ushirikiano na chuo kikuu. Mazungumzo na walimu wa sayansi wa chuo kimoja yameanza. Jina tutalitangaza baada ya kutia saini, kwa sababu hatutaki kutangaza mkate kabla unga haujakandwa. Tunachoomba kwao ni kidogo lakini cha kudumu. Mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo, walimu wachache wa chuo wapande mlimani wakae na walimu wetu wa sayansi, wafanye pamoja majaribio yote ya mtaala ya muhula unaofuata, kwa vifaa vyetu hivi hivi. Wanafunzi wa ualimu wa sayansi waletwe kwetu wanapokwenda kufundisha kwa vitendo. Na walimu wetu wawe na mtu wa kumpigia simu jaribio linapokataa. Sisi kwa upande wetu tutalipa nauli, chakula na malazi.

Hapa ndipo asiye na fedha taslimu anaweza kuchangia pia. Mwenye chumba cha wageni Lushoto mjini, Soni au Mlalo, mwenye gari linalopanda kutoka Mombo likiwa na nafasi, mwenye shamba la kumpa mgeni kabichi na viazi, ajiandikishe. Mchango huo tutauandika kwenye vitabu kwa thamani yake, jina likionekana kama la aliyetoa fedha.

Tumebadili pia namna ya kuwatolea hesabu. Kila shule itakuwa na daftari la majaribio mlangoni mwa maabara: tarehe, darasa, jaribio lililofanywa, na wanafunzi wangapi walishika vifaa kwa mikono yao, si waliotazama. Mkutano mkuu ujao mtasomewa daftari hilo kabla ya kusomewa salio la benki. Tukiwaambia kwamba fedha zimetumika zote, na daftari ni tupu, mna haki ya kututoa kwenye nafasi zetu.

Kuhusu mchanganuo wa fedha, majedwali ya bajeti yamo katika taarifa ya mweka hazina kwenye kitabu hiki hiki, pamoja na fomu ya ahadi. Tunawaomba msiandike ahadi kubwa kwa furaha ya siku ya harambee kisha tukaanza kutafutana. Ahadi ndogo inayolipwa kila mwezi ndiyo inayonunua kemikali ya kila muhula. Jengo linaweza kusubiri mchango wa mara moja. Fungu la matumizi haliwezi.

Mpemba alipoingia maabara ya biolojia siku ile hakuwa ameruhusiwa na mtu. Alikuta mlango wazi tu. Kazi yetu sisi wana Lushoto mwaka huu ni kuhakikisha kwamba mtoto wa Mtae, wa Bumbuli, wa Lukozi na wa Magamba yenyewe hahitaji bahati ya namna hiyo. Kwamba akiuliza swali ambalo mwalimu hajui, mwalimu aweze kusema twende tukajaribu, na ufunguo uwe mfukoni mwake.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Karibuni nyumbani, karibuni kwenye harambee.